Nilivyoiaga Bendi ya Upepo Mkavu

Jumatatu, 16 Juni

Albamu imetoka! Imetoka jamani! Tangu asubuhi naangalia simu, na kila nikiangalia bado imetoka. Mtu aliyeko Japani akitaka kutusikia, anatusikia. Jina lake "Mvua Imepita Jirani". Bluzi na roki, kazi ya Upepo Mkavu, bendi ya watu watatu wa Mwankoko, Singida. Rahabu anaimba na kupiga gitaa. Nathan, aliyemwoa dada yangu, anapiga dramu. Mimi Zefania napiga besi, na ndimi mwanzilishi. Hili la uanzilishi naliandika hapa kwa sababu kwingine kote halijaandikwa.

Mchana tukaletewa bango la ziara. Zuri mno! Mawe makubwa nyuma yetu, ziwa kwa mbali, Rahabu katikati kashika gitaa, Nathan kainua vijiti. Mimi sikujiona. Nikaligeuza bango. Nikavaa miwani. Kumbe nipo: yale maandishi ya UZINDUZI JUMAMOSI yamepita juu ya uso wangu, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Kilichobaki ni sikio moja na kofia. Mwenye duka la kuchapisha akaniuliza kama yule wa kofia ni dereva wetu.

Dereva!

Nimemweleza Rahabu, kwa upole, kwamba mwanzilishi anastahili kupewa kipande chake peke yake. Wenzake wanyamaze, besi izungumze. Akasema sawa kaka, chukua kipande katikati ya wimbo wa mwisho. Nathan akacheka, uso kaufunika kwa taulo. Shemeji huyu!

Hata hivyo leo hakuna wa kuniharibia. Mwili wote unanichemka kwa furaha.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata wazo! Wapiga besi hawaonekani kwa sababu wanasimama nyuma. Na wanasimama nyuma kwa sababu waya ni mfupi. Ni waya tu! Miaka yote hii!

Nimekwenda kwa fundi redio, nikamwomba aniungie waya mrefu wa kutoka kwenye amplifaya hadi kule watu walipo. Kauunga kwa vipande vya kila rangi. Jumamosi, kipande changu kikifika, nitashuka jukwaani, nitaingia kati ya watu, nitapiga nimefumba macho. Rahabu hajui. Nathan hajui. Mke wangu Eliza anajua, kwa sababu alinikuta uani nafanya mazoezi ya kutembea nimefumba macho, nikazikanyaga alizeti zake alizoanika. Akasema Baba Janeth, fumbua macho au hama uwanja.

Jumamosi, 21 Juni

UZINDUZI! Andika kwa herufi kubwa, Zefania, maana siku kama hii hairudi.

Watu walijaa. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likaingia kwenye mishikaki ya watu, hakuna aliyejali. Rahabu alipoimba ule wa mvua, akina mama wakaanza kutikisa vichwa kama waliofiwa. Wimbo wa mwisho ukaanza. Kipande changu kikafika. Nikashuka.

Nilifumba macho. Nikaingia kati ya watu na besi yangu. Ghafla ukalipuka ukelele, sijawahi kuusikia! Vigelegele! Miluzi! Nikazidi kupiga. Nikapiga magoti. Wakazidi. Mama mmoja akaja kuinama kabisa miguuni pangu, nikajua kazidiwa na muziki. Nikasimama, nikainama kushoto, nikainama kulia, nikarudi jukwaani machozi yananitoka.

*Baadaye.* Nilipofika nyumbani nikamwuliza Eliza alipenda nini zaidi. Akakawia sana kuosha miguu. Mwisho akasema, "Baba Janeth, gitaa lako lilikuwa halilii."

Waya ulichomoka nilipopita benchi la kwanza. Nathan aliponiona naondoka kimya, akaijaza nafasi kwa dramu. Walizoshangilia ni dramu. Nikamwuliza Eliza, na nilipopiga magoti? Akasema hapo watu walidhani nimeangusha kitu, na yule mama aliinama anisaidie kukitafuta.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada watu walipanga foleni kumpa Nathan mkono. Mimi nikakabidhiwa mtoto wake nimshike, ili Nathan asalimiwe vizuri.

Mchana redio ya mjini ikapiga wimbo wetu. Redioni! Nilikimbia uani nikapiga kelele hadi jirani akatoka na panga. Halafu mtangazaji, dada mmoja anaitwa Yasinta, akasema mmesikia Rahabu na wenzake.

Wenzake!

Nimekaa, nimetafakari. Nyumbani kwetu tulikuwa na dume la ng'ombe la kulimia. Hakuna aliyewahi kulitazama. Siku mnunuzi alipofungua kamba, ndipo kila mtu akakumbuka lilivyokuwa linavuta jembe, na mama akalia. Basi mambo ni hayo. Mtu haonekani mpaka aonekane anaondoka.

Nimefungua ukurasa mpya mtandaoni kwa jina la Mdau wa Muziki Halisi. Nimeandika hivi: "Habari za kuhuzunisha! Zefania, mpiga besi bora Afrika Mashariki na Kati, anatakiwa na bendi kubwa ya Arusha. Je, Upepo Mkavu wataweza bila yeye? Wanasingida, tutakubali?" Nimeituma pia kwenye makundi yote niliyomo.

Sasa nasubiri wanibembeleze. Nitakataa mara moja, halafu nitakubali. Sitaki waumie.

Jumatatu, 23 Juni

Imevuma! Imevuma kuliko albamu! Wanasingida wamekubali.

Kinyozi kanipa mkono wa hongera. Mwenye duka kaniambia nikifika Arusha nimtafutie shamba. Mwenyekiti wa mtaa nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, usitusahau ukiwa tajiri. Hakuna hata mmoja aliyesema usiende.

Eliza kazisikia habari mashineni, akiwa kwenye foleni ya kukamua alizeti. Karudi anang'aa. Kauliza kwa nini nilimficha. Kabla sijafungua kinywa akasema kishampigia mama yake, na mama yake kalia kwa furaha, na keshaomba kitanda chetu kwa kuwa hatutakihitaji. Nikasema Mama Janeth, tusiharakishe. Akasema unyenyekevu ndio uliokuponza miaka yote.

Jioni Rahabu akapiga simu. Nikajiandaa kubembelezwa, hata nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikasikia anavuta kamasi.

"Kaka, nimelia," akasema. "Lakini mimi ni nani nikuzibie riziki? Nenda. Ila tumalizie ziara pamoja."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ni uongo. Nilifungua kinywa, kweli nilifungua. Maneno yaliyotoka ni haya: "Nitajitahidi nipate nafasi."

Jumatano, 25 Juni

Safari! Ziara imeanza rasmi! Tuko Misigiri. Tumekuja na kirikuu kimoja cha mizigo kilichokuwa kinarudi kufuata vitunguu. Rahabu kakaa mbele na dereva. Sisi nyuma na spika, na kuku wa watu. Upepo usoni, barabara nyeusi mbele, dramu imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Nimeimba njia nzima. Nathan hakuimba. Alikuwa ananitazama tu.

Tuliposhuka, kulikuwa na kijana mrefu anatusubiri na gitaa la besi mgongoni. Anaitwa Andrea. Ndiye mpiga besi wa kwaya moja ya hapa. Rahabu kamwita ajifunze nyimbo zetu, achukue nafasi yangu nikiondoka.

Nafasi yangu!

Nilitaka kumchukia papo hapo. Akaja akainama, akasema shikamoo kaka, ni heshima kubwa, besi nimejifunza kwa kukusikiliza wewe. Mimi! Chuki ikakosa pa kuanzia. Nikamwomba arudie, kwa sababu ya upepo. Akarudia.

Hata hivyo lazima aondoke. Nimeshapata njia.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemfundisha Andrea wimbo wa mvua kwa makosa. Besi yangu pale inakwenda mbio, dududu-dududu. Nimemwambia apige noti moja, aache moja, avute pumzi, apige nyingine kwa uvivu. Aonekane mzembe! Aonekane amelala! Akasema asante kaka, akafanya mazoezi asubuhi nzima nyuma ya banda la nguruwe.

Alasiri tukakaa wote. Andrea akapiga. Noti moja. Kimya. Noti nyingine. Nikafunika mdomo nisicheke.

Rahabu akaweka gitaa lake chini. Nathan akaacha vijiti. Rahabu akasema hajawahi kuusikia wimbo wake hivi. Eti ni kama mtu kasimama mlangoni, anatazama mvua ikinyesha shamba la jirani, tone moja moja, na la kwake kavu. Akamwuliza Andrea katoa wapi. Andrea akasema kwa kaka Zefania.

Rahabu akanigeukia, macho yamelowa. Akasema kumbe wakati wote nilikuwa na besi hii, nimeificha.

Imeamuliwa kuanzia leo wimbo upigwe hivyo. Na mimi pia niupige hivyo. Siwezi! Vidole vinakimbia vyenyewe. Kwa hiyo jioni yote nimekaa nyuma ya banda la nguruwe, Andrea ananifundisha wimbo wangu.

Ijumaa, 27 Juni

Siku kubwa! Siku kubwa kupita zote!

Tulipiga Misigiri, uwanjani, saa za alasiri. Watu walitoka mashambani, wengine na majembe yao. Nilikuwa nimepanga hivi: wimbo wa pili ukiisha, nitaishika maiki, nitatangaza kwamba nimekataa kwenda Arusha kwa mapenzi ya Upepo Mkavu. Watashangilia. Mambo yataisha. Nilikuwa nimelikariri tangazo lenyewe.

Rahabu akaniwahi. Akashika maiki akasema ndugu zangu, huyu mnayemwona nyuma ndiye aliyetuanzishia bendi. Mwanzilishi! Kasema! Mbele ya watu! Akasema leo tunamuaga. Kila mtu amwite jina lake.

Wakaita. Uwanja mzima. "Zefania! Zefania! Zefania!"

Ewe shajara, hujui. Miaka yote napiga besi, watu wanaisikia kwa tumbo, hawajui ni nani. Leo jina langu lilipita juu ya mti wa mkwaju uliokuwa nyuma yao, likarudi. Mtu mwingine angesema ukweli pale. Mimi ulimi ulikuwa umeshaanza kusema asanteni, siwezi kuwasahau, Misigiri mtabaki moyoni mwangu nikiwa mbali.

Nikalia. Kilio cha kweli. Nilijisikitikia sana ninavyoondoka.

Wakaleta zawadi. Jogoo. Asali. Bibi mmoja mzee kabisa akapanda jukwaani kwa kushikwa mkono, akanifunika blanketi, akasema huko uendako Arusha kuna baridi mwanangu. Nikazipiga nyimbo zote zilizobaki nimevaa blanketi. Jasho lilinitoka kama niko kwenye tanuri. Sikulivua.

Jumamosi, 28 Juni

Njiani kwenda Mungaa, kituo kinachofuata cha ziara. Nimekata shauri nitasema ukweli.

Lakini si kabla ya Mungaa. Watu wa Mungaa nao wana haki ya kuniaga.

Jumapili, 29 Juni

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Kuniaga kwa Mungaa kulianza vizuri mno. Habari zilishatangulia. Wafugaji walikuja wakaacha ng'ombe kwa watoto. Waliniita jina hadi nikapiga saluti. Nikapewa mablanketi mengine mawili, na sweta. Nilikuwa juu, juu kabisa, na hapo ndipo nilipomwona dada mwenye kinasa sauti anapanda jukwaani. Yasinta wa redio. Kaja mwenyewe, tena tuko hewani, mkoa mzima unasikiliza.

Akasema kaka Zefania, hongera, bendi yako mpya inaitwaje?

Nikatazama blanketi. "Baridi Kali," nikasema.

Akafurahi. Akasema yeye kasomea Arusha, bendi za kule anazijua, hiyo hajaisikia. Wanapigia wapi?

"Karibu na stendi."

"Stendi ipi?"

"Ile yenye mabasi."

Watu wakaanza kutazamana. Yasinta, bila ubaya wowote, akasema basi tuimbie kidogo wimbo wao mmoja wasikilizaji wakusindikize. Nikafumba macho. Nikaimba, "Baridi imepita jirani, kwangu haikupiga hodi..."

Ni wimbo wetu. Ni wimbo wa Rahabu, neno kwa neno, nimebadilisha mvua tu. Na Rahabu yuko pembeni yangu, gitaa begani.

Ng'ombe mmoja akalia kwa mbali, naye akanyamaza.

Niliona uso wa Rahabu ukielewa. Taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Nikajua nimekwisha. Halafu akaichukua maiki mkononi mwangu, akacheka, akasema ndugu wasikilizaji, kaka yetu huyu ndiye mchekeshaji wa ziara. Haendi kokote. Baridi anayoisema ni hii hii ya kwetu. Watu wakaangua kicheko. Yasinta akacheka. Walicheka wamekaa chini kabisa. Rahabu kaniokoa.

Tulipomaliza akaniita nyuma ya kirikuu. Hapo hakuwa anacheka.

"Kaka, kwa nini?"

Nikasema nilitaka tu wajue nipo.

"Nililia," akasema. "Siku mbili sikuimba vizuri. Hilo nimekusamehe. Lakini Andrea ameacha kwaya. Kawaaga. Ameaga kweli yeye, si kama wewe. Mama yake kamshonea shati la ziara."

Nathan alikuwa amekaa juu ya spika, anakula muhindi.

"Mimi nilijua tangu mwanzo, shemeji," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Mpiga besi bora Afrika Mashariki na Kati. Nani mwingine hapa Singida angekuita hivyo?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema shemeji ni shemeji, alikuwa ananiachia nafasi nimalize mwenyewe. Kisha akanikatia nusu ya muhindi. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 1 Julai

Rahabu kasema wimbo wa kufunga ziara hautapigwa mpaka niende Misigiri kwa mguu wangu mwenyewe, nikamwambie mama yake Andrea. Nimekwenda. Nimebeba na blanketi la yule bibi mzee kulirudisha.

Mama Severina, ndiye mama yake Andrea, alikuwa anapepeta mtama. Nikasema shikamoo mama. Marahaba. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza na hali ya hewa, nikaja kwenye bei ya vitunguu. Akaendelea kupepeta. Andrea alikuwa kasimama mlangoni na lile shati, jipya, rangi ya alizeti. Ndipo nikaona haya ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Nikasema yote. Arusha hakuna kitu. Baridi Kali hakuna. Nafasi ya mwanao haipo, na wa kulaumiwa ni mimi.

Akaacha kupepeta. "Ulitaka nini hasa?"

"Watu waniite jina, mama."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akaweka ungo chini. Akasimama. Akatoka hadi barabarani, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti: "Zefaniaaa! Zefaniaaa wa Mwankokooo!" Majirani wakatoka. Wakauliza kuna nini. Akawajibu kitu kwa Kinyiramba, wakacheka wakashikana. Sikukielewa na sikuuliza.

Akarudi akakaa. "Tayari," akasema. "Sasa mwanangu utamfanyia nini?"

Nimeahidi mbele ya majirani wote: Jumamosi mjini, Andrea na wenzake wa ile kwaya aliyoiaga watafungua onyesho kabla yetu, wapige nyimbo zao, na mimi ndiye nitakayewabebea vyombo. Andrea kakubali. Kasema tena asante kaka. Kijana huyu ana moyo gani?

Blanketi limekataliwa. Yule bibi mzee kasema Singida nako kuna baridi.

Jumamosi, 5 Julai

Oooh! Oooh! Nianzie wapi?

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mjini kote wamesikia kuhusu mpiga besi aliyeaga akabaki, wakaja kumtazama. Nimemwambia Rahabu kwamba ukiangalia kwa haki, mimi ndiye niliyeujaza ukumbi. Hakujibu, ila sikuona akikataa.

Andrea na wenzake walifungua. Niliwabebea spika, nyaya, mpaka chupa za maji. Mama Severina alikuwa mstari wa mbele. Wale vijana waliimba hadi mwenye ukumbi akauliza wanatoka wapi. Keshawaita warudi peke yao, shati la rangi ya alizeti na yote! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na sikuwa najifanya.

Kisha sisi. Nilisimama nyuma, karibu na Nathan. Rahabu akaanza ule wa mvua. Zamu yangu ikafika. Noti moja. Nikajizuia. Kimya. Noti nyingine. Na hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona, kwa kuwa siku zote nilikuwa nimefumba macho au najitazama mwenyewe: mabega ya watu wa mbele. Nikipiga, yanashuka. Nikiacha, yanangoja. Ukumbi mzima unangoja kidole changu! Hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wanamtazama Rahabu. Na Rahabu alikuwa anaimba kama mtu aliyekaa juu ya mwamba, anajua hautasogea. Nathan akanitazama, akatabasamu, akapiga. Tulikuwa watatu, lakini ilisikika kitu kimoja.

Nimefurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Sina cha kuongeza. Nimetosheka.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Asubuhi redioni, Yasinta kasema: "Hao ni Upepo Mkavu, yaani Rahabu, Nathan na Zefania." Jina langu! Hewani! Eliza kapiga kigelegele. Nimemkumbatia. Nimemkumbatia na jirani. Ndiyo, nimetajwa wa mwisho. Nimelitafakari hilo. Wa mwisho ndiye anayebaki masikioni mwa watu, kwa hiyo ni sawa.

Ila si sawa kabisa.

Mchana Nathan na dada yangu walikuja kula sikukuu. Katika maongezi Nathan akataja mwanamuziki fulani wa nchi za mbali, aliyepoteza usikivu wa masikio yote mawili akaendelea kupiga kwa kuusikia mtikisiko kwenye nyayo. Watu wakija kumwona wanalia, hata kabla hajaanza.

Nikaacha kutafuna.

Mpiga besi asiyesikia! Nani atamtaja wa mwisho? Nani ataweka maandishi juu ya uso wake? Na safari hii hakuna anayeaga, hakuna kijana wa watu anayeumia, hakuna Arusha. Ni mimi na masikio yangu tu. Sijui kwa nini mtu asiwe na wazo safi kama hili tangu mwanzo.

Nimeanza mazoezi mara moja. Jioni Eliza ameniita kula, nikatazama ukuta. Ameniita kwa nguvu. Nikatabasamu kwa huzuni, nikatazama ukuta. Amekuja mlangoni, amenisimamia, ameniita Baba Janeth unaumwa? Ukuta. Nilikuwa mzuri sana, hata mimi nilianza kujihurumia. Kisha akarudi jikoni, na kule kule jikoni, kwa sauti ya chini kabisa, akamwambia Janeth kwamba maini yamebaki kipande kimoja, ale yeye.

Nimejikuta nimeshanawa mikono.

Si kitu. Kesho nitaanza na sikio moja.